Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu: Mtoto Anapovuka Nadapal

Lokichoggio,
Kaunti ya Turkana.

Kwa Mheshimiwa Katibu Mkuu,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia kutoka Lokichoggio, mji tunaouita Loki kwa ufupi, mji wa mwisho upande wa Kenya kabla msafiri hajafika Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Najua mezani pako pamejaa mambo mazito ya nchi nane, na kama jambo lenyewe lisingekuwa zito nisingethubutu kuongeza karatasi nyingine juu yake. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Mkataba ulioianzisha Jumuiya, katika ibara ya 137, umeitaja lugha hii kuwa ya mawasiliano ya watu wetu, na kwa sababu ndiyo ninayoitumia kila ninapozungumza na mtu aliyefika huku kutoka Uvira au Bujumbura.

Mimi ni mfanyakazi wa jamii. Naomba uniwie radhi nikieleza kidogo kazi hiyo ni ipi, kwa maana haionekani kwa macho kama ya daktari au ya mhandisi. Mtoto akifika mpakani peke yake, sisi ndio tunaokaa naye chini tukamuuliza jina la mama, jina la kijiji, alitembea na nani, na nani alibaki nyuma. Sisi ndio tunaotafuta nyumba ya kumlea kwa muda, tukaichunguza kabla hajapelekwa, tukaitembelea baada ya kupelekwa. Mwanamke akipigwa usiku, asubuhi ni sisi tunaofikiri naye kama atarudi nyumbani, kama ataanzia kwa chifu au kituo cha polisi, na watoto watalala wapi. Tukikosea, hakuna daraja linaloanguka hadharani. Mtu mmoja huumia ndani ya nyumba, na huenda pasiwe na atakayejua.

Ombi langu ni moja, na kwa ruhusa yako nitalitamka mapema ili nisiuchezee muda wako: naomba Jumuiya ifungue mazungumzo ya mkataba wa kutambuana leseni za wafanyakazi wa jamii, kama ilivyokwisha kufanywa kwa taaluma nyingine.

Msingi wa ombi hili si maneno yangu. Ibara ya 11 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuane vyeti vya elimu na vya taaluma, uzoefu uliopatikana, masharti yaliyotimizwa na leseni zilizotolewa. Chini ya ibara hiyo wahasibu na wasanifu majengo walipata mikataba yao mwaka 2011, wahandisi wakafuata 2012, na madaktari wa mifugo 2016. Nakushukuru kwa hilo, na nawashukuru waliokutangulia. Wako walioketi vikao vingi, wakalinganisha mitaala ukurasa kwa ukurasa, hadi saini zikapatikana.

Huo mkataba wa madaktari wa mifugo, kwetu sisi, una heshima yake ya pekee. Mimi ni Mturkana. Mbuzi, ngamia na ng'ombe ndio mali yetu, mahari yetu na chakula chetu. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipozuka Turkana mwaka 2006 tulifagiliwa mazizi, na ugonjwa ule haukuuliza zizi hili ni la nchi gani. Kwa hiyo aliyeamua kwamba daktari wa mifugo aliyesajiliwa Uganda atambulike Kenya alituelewa vizuri kuliko anavyodhani. Naomba tu, kwa heshima ile ile, yule anayetembea nyuma ya mbuzi hao akumbukwe pia. Mara nyingi ni mtoto. Mbuzi wake akiugua karibu na mpaka wa Uganda, upo mkataba unaosema nani anaweza kumtibu pande zote mbili. Mtoto mwenyewe akipotea, akitekwa katika uvamizi wa mifugo au akikimbia ndoa asiyoitaka, hakuna mkataba unaosema nani upande wa pili anatambulika kuwa mtu wa kumpokea.

Mheshimiwa, Loki inaijua kazi hii kwa muda mrefu. Umoja wa Mataifa ulipoanzisha Operesheni Lifeline Sudan mwaka 1989, mji huu ulipata kuwa kituo chake kikubwa, na ndege za chakula zikawa zinaruka juu ya vichwa vyetu kutwa. Hospitali ya Lopiding, iliyofunguliwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 1987, ilipokea majeruhi wa vita vya Sudan. Na mwaka 1992, baada ya mji wa Kapoeta, ng'ambo ya mpaka, kutwaliwa na jeshi la serikali ya Khartoum, maelfu ya wavulana waliokuwa wametembea tangu kambi za Ethiopia walivukia hapa. Kambi ya Kakuma ilianza nao. Pamoja nao walitembea watu wazima wachache, walimu na walezi, waliowagawa watoto katika makundi, wakawapikia kilichopatikana, wakawazika waliokufa njiani na kuwatunza waliobaki. Walikuwa wafanyakazi wa jamii kwa kila kipimo isipokuwa karatasi. Baadhi ya wavulana waliolelewa nao walipelekwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakasoma, wakaajiriwa. Walezi wengi walibaki.

Naomba nikae kidogo hapo Kakuma, kwa sababu pameingia mabadiliko ambayo pengine kutoka Arusha hayaonekani wazi. Kambi ilipoanzishwa, mkimbizi alikuwa mtu wa nje kwa maana zote. Leo mambo yamegeuka. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata 2022. Somalia ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Ukijumlisha na Warundi, Wanyarwanda na Waganda waliopo, basi watu wengi wanaolala Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei usiku wa leo ni raia wa nchi wanachama. Ni watu wako, Mheshimiwa, kama nilivyo mimi. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 imeliona hilo: inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi mwanachama kuiacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake ili anufaike na haki za Jumuiya. Tena inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya taaluma yake, iwapo sifa zake zinatambuliwa na mamlaka husika za Kenya.

Na hapo ndipo tunapokwama. Kwa mfanyakazi wa jamii, mamlaka husika ni ipi? Naijua ya madaktari, ya wauguzi na ya mawakili. Naijua Tume ya Kuwaajiri Walimu. Washauri nasaha na wanasaikolojia walipata sheria yao mwaka 2014. Sisi tuna chama, nacho ni chama cha heshima, kama Tanzania na Uganda zilivyo na vyama vyao. Lakini chama ni cha hiari. Hakitoi leseni, wala hakina uwezo wa kumzuia mtu asifanye kazi. Asiyejiunga nacho anaajiriwa vilevile, na aliyefukuzwa nacho anaajiriwa vilevile. Habari za mswada wa wafanyakazi wa jamii tumekuwa tukizisikia, na tunaendelea kuzisikia.

Kwa hiyo mtu aliyesomea kazi hii Bukavu au Juba, akaifanya kwa miaka, akifika Kakuma hupewa kile tunachokiita insentivu, yaani posho, kwa kazi ambayo mwenzake mwenye kitambulisho cha Kenya analipwa mshahara. Wakati mwingine ndiye anayemfundisha huyo mwenye mshahara namna ya kuzungumza na mama wa Kinuer au wa Kibembe aliyefiwa na mtoto. Silaumu shirika lolote. Mashirika hufuata kanuni zilizopo, na fedha zao zimepungua sana. Mwaka 2025 mgao wa chakula wenyewe ulikatwa hadi watu wakaandamana. Nasema tu kwamba Ibara ya 11 inataja uzoefu uliopatikana, sambamba na vyeti. Waliouandika mstari huo walikuwa na busara kubwa, na huku Turkana wapo wanaousubiri.

Sasa niruhusu nikueleze habari ya faili. Ndiyo kiini cha barua hii, nami naomba subira yako.

Tuseme mtoto wa kike, Mtoposa, amefika Nadapal na wadogo zake wawili. Lugha yake tunaielewa, kwa maana Waturkana na Watoposa ni ndugu wa lugha, huhitaji mkalimani. Unakaa naye siku ya kwanza, hasemi. Siku ya tatu anasema kidogo. Baada ya majuma unajua jina la baba, mahali alipo mama, na jina la mjomba ambaye kwa hali yoyote asijue mtoto yuko wapi. Yote hayo yanaandikwa kwenye faili. Anapelekwa Kakuma, anapata mlezi, anaanza shule. Miezi inapita. Kisha habari inakuja kwamba mama ameonekana upande wa Kapoeta. Shirika la Msalaba Mwekundu lina kazi nzuri mno ya kutafuta jamaa waliopotezana na kupeleka ujumbe wao, nami nawaombea kila la heri. Ila kumpata mama ni mwanzo tu. Lazima mtu aende nyumbani kwa huyo mama aone kama pana usalama, kama yule mjomba anaishi boma hilo hilo, kama mtoto ameshaahidiwa kwa mume. Lazima mtu huyo huyo arudi tena baada ya mtoto kufika, mara ya kwanza, ya pili, na baada ya mwaka.

Mtu huyo yuko ng'ambo. Nami nitampa faili nani? Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hainiruhusu kupeleka habari za siri za mtu nje ya nchi bila uhakika kwamba zitalindwa kule zinakokwenda. Ni sheria ya haki, na naiheshimu. Lakini uhakika huo naupata wapi? Ninaweza kujua jina la mtu na namba yake ya simu. Ninaweza kuambiwa na mtu ninayemwamini kwamba ni mwema. Hakuna daftari ninaloweza kulifungua nikaona: huyu amesomea kazi, amesajiliwa, amekula kiapo cha kutunza siri, na akikiuka kuna wa kumwajibisha. Basi tunafanya mojawapo ya mambo mawili, na yote mawili yanauma. Ama tunalizuia faili, mtoto anavuka na karatasi ya ukurasa mmoja, na mjomba yule hayumo kwenye ukurasa huo. Ama tunaeleza kwa simu, kwa kuaminiana tu, tukiomba Mungu.

Wahasibu, Mheshimiwa, hesabu zao zinaweza kuvuka mpaka zikiwa na muhuri unaojulikana pande zote. Nawapongeza kwa dhati. Naomba faili la mtoto lipate muhuri wa namna hiyo.

Kuna jambo la pili, gumu kusema mbele ya mkubwa, na nitalisema kwa adabu yote niliyofundishwa. Leseni si ya kumfungulia mtu mlango tu. Ni ya kumfungia pia. Mwaka 2002, uchunguzi wa Save the Children na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi ulifichua kwamba katika kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone walikuwamo wafanyakazi wa misaada waliowadai wasichana ngono ndipo wawape chakula. Mwaka 2021, tume huru iliyoteuliwa na Shirika la Afya Duniani ilieleza unyanyasaji wa kingono uliofanywa wakati wa mapambano dhidi ya Ebola mashariki mwa Kongo kati ya 2018 na 2020. Eneo hilo sasa ni la Jumuiya. Mtu aliyeachishwa kazi Beni, huko mashariki mwa Kongo, kwa kosa la namna hiyo anaweza kupanda basi, akapita Kampala, akashuka Lodwar, hapa Turkana, na kuomba kazi ya kulinda watoto. Atakuwa na cheti. Huenda akawa na barua ya sifa. Nani atamjua?

Tangu 2019 mashirika ya misaada yana mpango wa kuulizana mienendo ya mtu kabla ya kumwajiri. Ni mpango mzuri. Lakini ni wa hiari, na shirika ambalo halijajiunga halifungwi nao. Mtoto hawezi kulindwa kwa hiari za watu. Daktari akifutwa usajili hawezi kutibu akiwa kazini serikalini, wala hospitali ya misheni, wala zahanati ya mtaani. Anayeshika mkono wa mtoto aliyebakwa na kumwuliza kilichotokea hana pa kufutwa, kwa sababu hana pa kuandikwa.

Najua, Mheshimiwa, kwamba mkataba wa kutambuana huhitaji wa kutambuana. Huwezi kutia saini na baraza ambalo halipo. Pengine wataalamu wako watakushauri hivyo, na watakuwa wamesema kweli: wahandisi walikuwa na bodi zao za usajili kabla ya kukaa mezani. Naomba, kwa unyenyekevu, hoja hiyo igeuzwe. Jumuiya ikisubiri kila nchi ijenge baraza lake kwa wakati wake na kwa sheria yake, tutapata mabaraza manane yasiyofanana, kisha miaka mingine ya kuyapatanisha. Jumuiya ikitangulia kuandika kiwango cha chini, yaani elimu gani, saa ngapi za mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi, kiapo gani, adhabu gani, basi kila bunge litakuwa na kielelezo mkononi. Msingi wa elimu haukosekani. Makerere imefundisha ustawi wa jamii kwa vizazi; Dar es Salaam ina Taasisi ya Ustawi wa Jamii; Nairobi ina wahitimu wake; na hapa kwetu Lodwar tuna chuo kikuu kishiriki. Wakuu wa nchi waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017. Mitaala inaweza kuwekwa kando kwa kando.

Afrika yenyewe ina walimu wa jambo hili. Zimbabwe ilipitisha Sheria ya Wafanyakazi wa Jamii mwaka 2001 ikaunda baraza la kuwasajili. Afrika Kusini ina baraza lenye nguvu ya kisheria, na mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita mfanyakazi wa jamii. Kwingineko, Marekani wamekuwa na shida kama yetu bila kuvuka bahari: kila jimbo lilitoa leseni yake, na ya jimbo moja haikutosha jimbo la jirani. Miongoni mwa walioumia walikuwa wake na waume wa wanajeshi, kila uhamisho wakaanza upya. Wakaandika mapatano ya majimbo. Missouri iliyaridhia kwanza mwaka 2023, na Aprili 2024, majimbo yalipofika saba, mapatano yakapata nguvu. Kinachonivutia mimi zaidi ya leseni ya majimbo mengi ni kwamba mapatano hayo yanataka pawe na hifadhi moja ya taarifa: mtu akiadhibiwa jimbo moja, mengine yanaona. Na anayefanya kazi katika jimbo la mwenziwe anafungwa na sheria za huko.

Hilo la mwisho ni muhimu kwetu, maana sheria za watoto hazifanani. Kenya ina Sheria ya Watoto ya 2022, Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009, Sudan Kusini ina yake ya 2008. Sisemi Mkenya aende Torit na kitabu cha Nairobi kwapani. Apewe mafunzo mafupi ya sheria ya huko, apimwe, ndipo aruhusiwe. Hakuna mfanyakazi mwema atakayeona hiyo ni dharau.

Ipo hofu, na nisipoitaja nitakuwa sijakutendea haki. Vijana wa Turkana hawana kazi. Wamesoma, wana diploma, na wanawaona wageni kutoka sehemu nyingine za Kenya wakiajiriwa na mashirika ya Kakuma mbele yao. Leo nikiwaambia kwamba nafasi hizo zifunguliwe pia kwa Mkongomani na Msudani Kusini, wataniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nawaelewa. Ng'ambo nako hofu ipo: Septemba 2014 wizara ya kazi ya Sudan Kusini ilitoa waraka wa kuyataka mashirika yawaondoe wafanyakazi wa kigeni, na ingawa baadaye serikali ililegeza maneno, Wakenya wengi waliokuwa Juba walishika roho mkononi. Ninachowaambia vijana wetu ni kwamba bila mkataba mlango unafunguliwa na kufungwa kwa waraka. Kwa mkataba, binti wa Lodwar mwenye diploma na lugha ya Kiturkana, ambayo inasikika hadi Kapoeta kwa Watoposa na hadi Moroto kwa Wakaramoja wa Uganda, ana eneo la kazi ambalo mhitimu wa mjini hana. Hao ndio watu ambao mipaka hii inawahitaji, nasi tunao.

Kisha, Mheshimiwa, mtoto wa Turkana naye huvuka. Kuna watoto wetu walioko Moroto na Kapoeta. Kuna wasichana wa Karamoja wanaopelekwa Nairobi kuombaomba au kufanya kazi za ndani. Marais wa Kenya na Uganda walikutana Moroto tarehe 12 Septemba 2019, na maelewano ya amani na maendeleo ya mpakani kati ya Turkana, Pokot na Karamoja yakatiwa saini. Tulilifurahia sana jambo lile. Walizungumza maji, malisho na silaha. Tunaomba yafuate ya watoto.

Kama mkataba kamili utachukua miaka, nami nakubali kwamba utachukua, naomba kwa sasa kitu kidogo kisichohitaji bunge lolote. Kila mpaka mkubwa uwe na daftari la watu wanaotambulika pande zote mbili: hapa Nadapal, kule Busia, Namanga, Rusumo, na kati ya Uvira na Bujumbura. Wizara zinazohusika zilete majina, zithibitishe vyeti na uzoefu, ziwaapishe watunze siri. Hapo nitajua faili naliweka mikononi mwa nani. Sera ya Mtoto ya Jumuiya ya mwaka 2016 imekwisha kuzitaka nchi ziimarishe na kuoanisha mifumo ya kuwalinda watoto. Hapa pangekuwa pa kuanzia. Na tafadhali, ada isiwekwe kubwa. Mlezi wa kambini anayeishi kwa posho asijikute amefungiwa nje na shilingi baada ya kufunguliwa na sheria.

Ikikupendeza kuja kujionea, nitajiona nimepewa heshima isiyonistahili. Kutoka Nairobi kuna ndege hadi Lodwar. Ukitoka Lodwar unapita Kakuma, kisha Loki, na kutoka Loki hadi Nadapal hazifiki kilomita 30. Njoo wakati wowote utakaokufaa. Mwenyeji huwa yupo. Na ikiwa safari haitawezekana kwa wingi wa majukumu, nitaelewa. Basi naomba tu katika mkutano ujao wa Baraza la Kisekta linaloshughulikia jinsia, vijana, watoto na ulinzi wa jamii, mawaziri wa nchi nane waulizwe, kila mmoja kwa zamu yake: kwenu, nani ana mamlaka ya kupokea faili la mtoto, na jina lake limeandikwa wapi?

Nasubiri majibu yao kwa heshima kubwa, na naomba uniwie radhi kwa urefu wa barua hii.

Wako mtiifu,

Mfanyakazi wa jamii,
Lokichoggio.